Uchungu wa kabla ya wakati: dawa hutununulia siku mbili, nasi tunazitumiaje?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Wakuu, salaam. Nimesoma nyuzi kadhaa humu zinazohusu wajawazito walioshikwa na uchungu kabla ya miezi yao kutimia, na karibu kila uzi huishia kwenye lawama ileile: kwa nini hospitali haikumpa mama dawa ya kuukomesha uchungu kabisa, mtoto akakaa tumboni hadi miezi tisa? Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 15 leba, na ningependa kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu jibu lake fupi, yaani kwamba dawa ya namna hiyo haipo, huwaumiza watu bila kuwasaidia.

Nianze na usiku mmoja wa hivi karibuni. Saa tatu usiku aliletwa kwa bajaji mama wa mimba ya tatu, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika kadi ya kliniki. Kwenye kadi, mahali pa kuandika hedhi ya mwisho palikuwa patupu, na altrasaundi hakuwahi kupigwa. Nilipomuuliza tarehe alisema haikumbuki. Nikamuuliza kama alifunga Ramadhani. Akasema alifunga, ila anadaiwa siku sita ambazo hajazilipa, kuanzia tarehe ishirini na moja ya mwezi hadi ishirini na sita, na baada ya hapo hakuona tena siku zake. Tulisimama mbele ya kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni, tukahesabu kwa kidole: wiki 30 na siku mbili. Nikapima kimo cha mji wa mimba kwa utepe, sentimita 29. Hesabu mbili zilikubaliana, nami nikashusha pumzi, maana bila umri wa mimba sikuwa na la kufanya ambalo ningekuwa na hakika nalo.

Uchungu ulikuwa unakuja mara tatu katika dakika kumi, njia imefunguka sentimita tatu, chupa haijapasuka, mama hana homa, na moyo wa mtoto unadunda vizuri. Daktari akaagiza vidonge vya nifedipini na sindano ya deksamethasoni. Kichupa chetu kilikuwa cha mililita 2 chenye miligramu 8, na anayotakiwa kupewa mama ni miligramu 6, kwa hiyo unavuta mililita moja na nusu na kinachobaki unakitupa. Nilipokuwa navuta dawa akaniuliza, "Sista, hiyo ndiyo inayofunga?" Nikamwambia hapana, hii inakwenda kwa mtoto. Vile vidonge ndivyo vya kutuliza tumbo, na kazi tunayoviomba ni siku mbili tu.

Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Dawa za kutuliza mji wa mimba, zote tulizonazo, hazijawahi kuonyesha kwa uhakika kwamba kwa nguvu zake zenyewe humfanya mtoto azaliwe akiwa mzima zaidi. Zinachoweza ni kuchelewesha kuzaliwa kwake, mara nyingi kwa saa 48, pengine zaidi kidogo. Muda huo una manufaa makubwa ukitumiwa kumpa mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na kumhamishia hospitali yenye chumba cha watoto njiti. Usipotumiwa hivyo, mtoto yuleyule atazaliwa Alhamisi badala ya Jumanne, na mapafu yaleyale.

Historia ya kutafuta dawa ya kuzuia uchungu ina mambo ya kustaajabisha. Katika miaka ya 1960 na 1970 wapo madaktari, hasa Marekani, waliowawekea wajawazito dripu ya pombe, na ilikuwa tiba ya kawaida kabisa. Kina mama walilewa na kutapika, na pombe ilivuka kondo ikamfikia mtoto. Baadaye zikaja dawa za jamii ya salbutamoli, ambayo wengi wetu tunaifahamu kama dawa ya pumu. Huulegeza mji wa mimba, lakini pia humpiga mama moyo mbio, mikono ikatetemeka, sukari ikapanda, na wapo waliojaa maji kwenye mapafu. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali dhidi ya kutumia ndugu yake, tabutalini, kwa muda mrefu kwa wajawazito, na Shirika la Afya Duniani halizipendekezi dawa za jamii hiyo kwa kazi hii. Hata hivyo bado nawaona kina mama wakija na karatasi ya vidonge vya salbutamoli waliyopewa wakameze nyumbani kwa wiki mbili.

Indomethasini nayo hutuliza uchungu, lakini hapa mtoto mwenyewe ndiye anayelipa. Tumboni, damu ya mtoto hupita kwenye mshipa mmoja mfupi unaoyakwepa mapafu kwa kuwa bado hayapumui. Dawa hii inaweza kuubana mshipa huo kabla ya wakati, na pia hupunguza mkojo wa mtoto, hivyo maji ya uzazi yakapungua. Ndiyo maana huepukwa baada ya wiki 32, na kabla ya hapo haipewi zaidi ya siku mbili. Ulaya wanayo atosibani, ambayo ni ghali na ina madhara machache kwa mama, lakini utafiti mmoja wa Uholanzi na Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2016 uliilinganisha na nifedipini kwa wanawake zaidi ya 500, na matokeo ya watoto yakawa karibu sawa: waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 14 upande wa nifedipini na 15 upande wa atosibani. Nifedipini ni ya bei nafuu, humezwa, na ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2022, tena kwa masharti.

Sasa nije kwenye sindano yenyewe. Mapafu ya mtoto yana vifuko vidogo vya hewa ambavyo kwa ndani vina unyevu, na unyevu huo huvivuta vigandamane kila anapotoa pumzi. Mtoto aliyetimiza miezi anao utando mwembamba wa mafuta unaoulegeza mvutano huo, kama sabuni inavyoulegeza uso wa maji. Njiti anao kidogo mno. Mary Ellen Avery wa Marekani alieleza upungufu huo mwaka 1959. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, mtoto wa Rais Kennedy aliyezaliwa kabla ya wakati alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na umri wa siku mbili, na nguvu zote za ikulu hazikuweza kumsaidia.

Jibu lilitoka kwa kondoo. Graham Liggins, daktari wa uzazi huko Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza ni kitu gani huanzisha uchungu, akawa anawapa wanakondoo walio tumboni dawa za jamii ya kotisoni. Mmoja alizaliwa mapema mno, wakati ambao hakupaswa kuweza kupumua, akawa anapumua. Liggins alipoyapasua mapafu yake baadaye alikuta yana hewa. Pamoja na daktari wa watoto Ross Howie alifanya jaribio kwa wajawazito 282, wakachapisha mwaka 1972: kati ya watoto ambao mama zao walipewa betamethasoni, ndugu ya deksamethasoni, waliopata shida ya kupumua walikuwa asilimia 9, na kwa wasiopewa asilimia 25.8. Vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 kwa 15. Hata hivyo zilipita zaidi ya miaka 20 kabla dawa hiyo haijawa kawaida hata katika nchi tajiri. Ni mwaka 1994 ndipo jopo la taasisi ya taifa ya afya ya Marekani lilipoisisitiza. Sindano ni ya bei ndogo na ushahidi ulikuwepo, lakini watoto waliendelea kufa.

Baba Mtarajiwa

Ahsante sana kwa somo, sista. Mke wangu alipata hali hiyo kwenye mimba ya kwanza, akapewa nifedipini, uchungu ukatulia. Safari hii ana miezi sita na analalamika tumbo kukaza jioni. Je, ni vibaya nikinunua dawa hiyohiyo duka la dawa ili awe nayo nyumbani, kwa kuwa tunakaa mbali na hospitali?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Ndugu yangu, naelewa hofu yako, lakini usifanye hivyo. Nifedipini kwa asili ni dawa ya presha. Humshusha mama presha, na anapokuwa nyumbani hakuna wa kumpima baada ya nusu saa. Ziko za aina mbili, zinazofanya kazi haraka na zinazoachia dawa polepole, na karatasi yake mara nyingi hufanana. Kubwa zaidi ni kwamba inaweza kuupunguza uchungu kwa saa chache, nanyi mkalala mkiamini mambo yamepoa, wakati njia inaendelea kufunguka. Saa zile tulizokuwa tuzitumie kwa sindano za mapafu zitakuwa zimeteketea kitandani kwenu.

Tena wapo kina mama ambao kuzuia uchungu ni kosa: mwenye homa au maji ya uzazi yenye harufu, anayevuja damu kwa sababu kondo linaachia, mwenye kifafa cha mimba, au ambaye mtoto mwenyewe amechoka tumboni. Hao, tumbo ni mahali pa hatari kuliko nje. Kwa mkeo, kukaza kwa jioni kunaweza kuwa si uchungu kabisa. Maambukizi ya njia ya mkojo pia huleta hali hiyo. Mpeleke kesho apimwe, na kwa kuwa aliwahi kupata shida, mwombe daktari aangalie urefu wa shingo ya kizazi kwa altrasaundi. Ikionekana ni fupi, kuna projesteroni, homoni ya ujauzito, ya kuweka ukeni, ambayo huanza kutumika kabla uchungu haujaja. Ile ya sindano za kila wiki, iliyotumika Marekani tangu mwaka 2011, iliondolewa sokoni huko mwaka 2023 baada ya utafiti mkubwa kushindwa kuonyesha manufaa yake, kwa hiyo mtu akikuuzia sindano hizo kama kinga, uliza mara mbili.

Daktari wa Wilaya

Nakubaliana na mengi, ila naona sista hajaligusa jambo zito. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliohusisha karibu uzazi 100,000 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, ambapo wahudumu wa ngazi za chini walifundishwa kuwatambua kina mama wanaoelekea kuzaa njiti na kuwachoma deksamethasoni. Vifo vya watoto waliozaliwa wadogo havikupungua, na kwa watoto wote kwa ujumla vikaongezeka, kutoka 23.9 hadi 27.4 kwa kila 1,000, huku maambukizi kwa kina mama yakiongezeka pia. Baada ya hapo wengi wetu tuliiogopa sindano hii. Je, leo unatuambia tuichome kila mahali?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Daktari, nashukuru, na sikusema kila mahali. Utafiti huo niliujadili na wenzangu mpaka tukakosana, kwa sababu baadhi yao waliutumia kuhalalisha kumnyima sindano mama wa wiki 29 aliyekuwa mbele yao.

Kwa maoni yangu, jaribio la 2015 liliipima sindano ikiwa peke yake. Wengi wa waliochomwa walikuwa hawazai njiti. Umri wa mimba ulikadiriwa kwa shida, na mtoto ambaye angezaliwa wiki ya 38 bila tatizo akapewa dawa asiyoihitaji. Waliozaliwa kweli kabla ya wakati, wengi hawakuwa na chumba cha kulelewa wala kifaa cha kuwasukumia hewa puani. Mapafu yaliyokomazwa kwa dawa hayamsaidii mtoto aliyeachwa na baridi kwenye meza ya chuma.

Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio jingine katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, likachapishwa mwaka 2020. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa altrasaundi, kina mama 2,852 walikuwa kati ya wiki 26 na mwisho wa wiki ya 33, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kulea njiti. Vifo vya watoto ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa deksamethasoni na 23.5 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa, na maambukizi kwa kina mama hayakuongezeka. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu manufaa yalikuwa wazi. Dawa ni ileile, na nchi ya Kenya imo katika majaribio yote mawili. Kilichobadilika ni kalenda na chumba cha watoto.

Kwa hiyo zahanati isiyo na kitu inapaswa kumwahisha mama, na kama mwongozo unaruhusu na umri unajulikana, imchome dozi ya kwanza na kuandika saa kwenye barua ya rufaa. Nasisitiza kuandika saa. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, dozi ya tatu ya mama mmoja ilipotea wakati wa kupokezana zamu, kila mmoja akidhani mwenzake ameshachoma, kwa sababu aliyechoma ya pili hakuandika. Dozi ni nne kwa deksamethasoni, kila baada ya saa 12, na nilijifunza tangu siku hiyo kuzichora nne zote mapema kwenye chati, visanduku vinne vitupu vinavyosubiri kujazwa.

Mama Njiti

Mimi nilipewa sindano hizo nikiwa na mimba ya wiki 28, na pia dripu ambayo niliambiwa ni ya kifafa cha mimba ilhali presha yangu ilikuwa ya kawaida. Mwili uliniwaka moto kama niko jikoni. Mwanangu sasa ana miaka saba na anasoma. Je, dripu ile ilikuwa makosa? Na sindano zenyewe hazitamletea madhara ukubwani? Mdogo wangu naye ana mimba ya wiki 35, amepata uchungu na wamekataa kumchoma.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Hongera kwa mwanao, mama. Dripu ile ilikuwa magnesiamu salfeti, na haikuwa makosa. Kama dawa ya kuzuia uchungu haifai kitu, lakini ikitolewa muda mfupi kabla njiti hajazaliwa huulinda ubongo wake. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2008, mtindio wa ubongo wa kiwango cha kati au kikubwa ulionekana kwa asilimia 1.9 ya watoto waliopata dawa na 3.5 ya wasiopata. Joto ulilolisikia ni la kawaida. Sisi tunachokiogopa ni mama kuzidiwa nayo, ndiyo maana kila saa walikuwa wanakugonga goti kwa nyundo ndogo, wanahesabu pumzi zako na kupima mkojo, huku kalisiamu ikiwa pembeni kama dawa ya kuizimua. Inatakiwa iwe ya saa chache; ikiendelea siku tano hadi saba, kalisiamu ya mtoto hushuka na mifupa yake huathirika.

Kuhusu ukubwani, watoto wa jaribio la Auckland walifuatiliwa mpaka wakafikisha miaka 30. Miili na mioyo yao haikutofautiana na ya wenzao, isipokuwa dalili ndogo katika namna mwili unavyoitumia sukari. Swali linaloendelea kutusumbua ni la watoto waliochomwa bure, yaani ambao mama zao walipewa sindano kisha uchungu ukatulia na wakazaliwa miezi imetimia. Takwimu za Finland za watoto zaidi ya 670,000, zilizochapishwa mwaka 2020, zilionyesha kwamba kundi hilo lilikuwa na matatizo ya akili na tabia mara nyingi zaidi kuliko wasiopewa, ingawa takwimu za aina hiyo hazithibitishi kwamba chanzo ni sindano. Mwanao hayumo katika kundi hilo. Yeye alizaliwa njiti kweli. Kurudiarudia nako kuna gharama: utafiti wa Kanada na nchi nyingine, mwaka 2008, wa kurudia sindano kila baada ya siku 14, uliwapata watoto wakizaliwa wadogo zaidi bila faida ya kuonekana.

Mdogo wako wa wiki 35 hakunyimwa haki, kwa maana mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yanaishia wiki 34. Marekani wapo wanaochoma hadi karibu wiki 37, kwa sababu jaribio la mwaka 2016 lilionyesha shida za kupumua zikishuka kutoka asilimia 14.4 hadi 11.6, lakini sukari ya mtoto ilishuka kwa asilimia 24 ya waliopewa dhidi ya 15 ya wasiopewa. Hospitali isiyo na vipimo vya sukari vya kutosha kwa kichanga, sukari iliyoshuka usiku bila mtu kujua ni hatari kubwa kuliko pumzi ya haraka ya siku moja. Waulize tu kama wamejiandaa kumpima mtoto na kumnyonyesha mapema.

Baba Mtarajiwa

Tumekwenda leo, alikuwa na maambukizi ya mkojo kama ulivyosema, na shingo ya kizazi ina urefu wa kutosha. Swali langu la mwisho: je, dawa za kuua bakteria apewe kila anapopata uchungu wa mapema? Na yule mama wa Ramadhani aliishia wapi?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Nimefurahi. Antibayotiki ameze kwa sababu mkojo una maambukizi, na amalize dozi. Lakini kwa mama mwenye uchungu wa mapema ambaye chupa haijapasuka na hana dalili ya maambukizi, hazisaidii. Uingereza walilijaribu hilo, matokeo yakatoka mwaka 2001, na watoto walipofikisha miaka saba, mtindio wa ubongo ulionekana zaidi kwa waliopewa. Chupa ikipasuka mapema, hapo erithromaisini ina nafasi yake.

Yule mama alimaliza dozi zote nne. Saa 61 baada ya kufika, uchungu ulirudi kwa nguvu na hatukuuzuia tena. Akajifungua mtoto wa kiume mwenye kilo 1.4. Alilia, kisha akaanza kuguna na kifua kikawa kinaingia chini ya mbavu, tukamweka kwenye kifaa cha kumsukumia hewa kwa siku mbili. Siku ya tatu alihamia kifuani kwa mama, kangaruu, usiku na mchana, bibi akimpokea mama anapokwenda kuoga. Ametoka na kilo 1.8. Kwa kuwa alipewa oksijeni na alizaliwa mdogo, anatakiwa kupimwa macho akifikisha wiki nne hadi sita, na miadi yake ni Alhamisi hii.